Tufaha Dogo, Lenye Madoa au Lisilo Tamu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumwaga Vitamini Shinani

Wakulima wa matufaha wa Molo, Njoro, Kuresoi na hata Kitale, hapa Kenya, huniuliza swali moja kila matunda yanapoanza kunenepa: "Nimwage vitamini gani shinani ili yawe makubwa na matamu?" Naelewa linakotoka. Mtu amesubiri mti miaka mitatu, pengine minne, na mavuno ya kwanza ya maana yanatoka na madoa, au yanakuwa mazuri kwa macho lakini mnunuzi akionja anarudisha. Agroveti ana chupa yenye picha ya tunda jekundu. Ni rahisi kuinunua.

Nami humwomba aniletee matunda matatu mabaya, majani ya tawi lililoyazaa, na habari za maji: anamwagilia mara ngapi, na maji yanatoka wapi. Kwa hayo, ubaya mwingi wa tunda hujieleza. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo: dalili kwanza, kisha chanzo, na dawa mwishoni.

Kwanza, suala la vitamini zenyewe

Mti wa tufaha hutengeneza vitamini zake. Jani likipata mwanga, maji na madini, hujitengenezea vitamini C, B1 na nyingine zote linazohitaji. Kutoka ardhini mizizi hutaka maji, hewa na madini yaliyoyeyuka. Ukimwaga vitamini C kwenye udongo wenye unyevu na hewa, huoksidika na kuharibika upesi. Vitamini za kundi B nazo huliwa na vijidudu vya udongo, na vijidudu hivyo hivyo hutengeneza B1 yao. Kinachofika kwenye tunda si cha kupigia hesabu.

Imani kwamba vitamini B1 hukuza mimea ina asili yake. Mwaka wa 1937 mwanasayansi James Bonner wa California aliripoti kwamba mizizi ya njegere iliyokatwa na kukuzwa peke yake maabara ilinawiri ilipopewa vitamini B1. Habari zikaenea haraka, na biashara ikafuata. Lakini mzizi uliokatwa hauna majani ya kuulisha. Mimea mizima yenye majani ilipojaribiwa, faida haikuonekana, na Bonner mwenyewe akalikubali hilo. Bidhaa hazikuondoka madukani.

Kuna majaribio ya kunyunyizia vitamini kwenye majani, hasa kwa mimea iliyobanwa na ukame au chumvi, na baadhi yameonyesha nafuu. Kunyunyizia jani ni jambo moja, kumwaga shinani ni jingine kabisa. Na hakuna kati ya hayo mawili linaloziba pengo la kalsiamu au kurekebisha udongo wenye asidi kali, mambo ambayo ndiyo yanayoharibu matufaha mengi ninayoyaona.

Kwa hiyo ukishika chupa dukani, igeuze usome nyuma. Mara nyingi utakuta zinki, boroni, manganizi, chuma au magnesiamu, pengine na dondoo la mwani au asidi za humiki. Madini hayo yanaweza kusaidia sana mti uliopungukiwa nayo, na kuudhuru ule ulio nayo ya kutosha. Lebo isiyotaja asilimia ya kila kilichomo irudishe rafuni. Hapo sina mzaha, kwa sababu boroni ikizidi kidogo tu hugeuka sumu, na udongo hausamehi upesi.

Kata tunda kabla ya kukata shauri

Chukua kisu kikali, ulaze tunda ubavu, ulikate kwa upana katikati. Utaona nyota ya vyumba vitano. Kila chumba kwa kawaida hubeba mbegu mbili, hivyo tunda lililochavushwa vizuri lina mbegu kama kumi. Hesabu zilizojaa na zilizosinyaa. Tazama kama nyama ina mabaka ya kahawia, na kama yapo, yako chini tu ya ngozi au yamezama karibu na moyo wa tunda. Kisha onja, hata kama unajua ni baya, maana uchungu, ugumu na uwanga ni mashahidi watatu tofauti.

Vidoa vya kahawia vilivyobonyea, hasa upande wa kitako

Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wakimbilie vitamini. Tunda lina vidoa vidogo vilivyobonyea, vingi vikiwa upande ulio mbali na kikonyo. Ukimenya, chini ya kila kidoa kuna nyama kavu ya kahawia, laini kama sponji, na ukiionja ni chungu. Wakati mwingine tunda huvunwa likiwa safi, na vidoa vikatokea wiki chache baadaye likiwa stoo. Mnunuzi hudhani umemuuzia ugonjwa.

Si ugonjwa. Tunda limekosa kalsiamu. Na hapa watu wengi hupotea, kwa sababu shamba linaweza kuwa na kalsiamu tele na tunda bado likaikosa. Kalsiamu husafiri ndani ya mti pamoja na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hufuata mahali yanapopotelea hewani. Jani hupoteza maji mengi, tunda kidogo tu. Kwa hiyo majani huvuta sehemu kubwa, na tunda hupata kilichobaki. Isitoshe, tunda hupata kalsiamu yake nyingi wiki chache za mwanzo. Baada ya hapo hunenepa kwa sukari inayoshuka kutoka majani kwa njia nyingine, njia isiyobeba kalsiamu ya maana. Tunda linavyokua, kile kidogo lilichokuwa nacho kinasambaa kwenye mwili mkubwa zaidi.

Ukishalielewa hilo, vyanzo vyake havikupi shida kuvikisia. Mbolea ya nitrojeni ikizidi, iwe CAN, yurea au samadi mbichi ya kuku, mti hutoa vichipukizi virefu vyenye majani mengi, nayo majani hushindana na tunda. Kupogoa kwa nguvu kupita kiasi huleta matokeo hayo hayo. Mti wenye matunda machache sana huyafanya yawe makubwa mno, na makubwa ndiyo huanza kuoza vidoa. Potasiamu nyingi na magnesiamu nyingi hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Na ukame wa wiki mbili tatu tunda likiwa changa huikata safari yenyewe, kwa kuwa bila maji hakuna kinachosafiri.

Ndiyo maana mkulima anayeona vidoa na kuongeza mbolea ya NPK 17:17:17 msimu unaofuata huona vidoa vimeongezeka. Udongo mwingi wa asili ya volkano huku kwetu Bonde la Ufa mara nyingi una potasiamu ya kutosha tayari. Ameongeza nitrojeni na potasiamu, adui wawili wa kalsiamu, kwa jina la lishe.

Cha kufanya msimu huu ni kuipeleka kalsiamu kwenye tunda lenyewe. Kloridi ya kalsiamu gramu 3 hadi 4 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 60 hadi 80 kwa pampu ya mgongoni ya lita 20, huanza kunyunyiziwa wiki tatu au nne baada ya petali kuanguka, na hurudiwa kila siku 10 hadi 14 hadi karibu na kuvuna. Dawa iguse tunda. Iliyobaki juu ya jani haihami kwenda kwenye tunda, kwa sababu ile ile niliyoeleza. Nyunyizia asubuhi au jioni, maana jua la mchana huifanya ichome majani. Jaribu kwanza tawi moja na usubiri siku chache. Usiichanganye katika pampu moja na mbolea zenye salfeti au fosfeti, huganda na kuziba nozeli.

Cha kufanya kwa misimu ijayo kiko ardhini, na hapa udongo unastahili fedha uliyotaka kuitumia kwa chupa. Mashamba mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yamelimwa mahindi kwa mbolea ya DAP miaka mingi hadi asidi imepanda. Mti wa tufaha hupenda pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikipanda) ya kati ya 6 na 6.5 hivi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, fosforasi hunaswa, na kalsiamu huwa haba. Dawa ni chokaa ya kilimo, na sisi wa magharibi hatuko mbali nayo: mawe ya chokaa huchimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu. Kiasi chake kiamuliwe na vipimo vya udongo, kwa sababu udongo mzito wenye mboji nyingi huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH ikiwa moja. Kama hujapanda, ichanganye na udongo wa shimo na wa eneo linalozunguka. Kama mti uko tayari, itandaze chini ya kivuli chote cha matawi na uikwatue juu juu. Huteremka polepole, basi usitarajie miujiza mwaka huo huo.

Baada ya hapo tandaza majani makavu au mabua unene wa kiganja, ukiacha nafasi kulizunguka shina lisioze. Matandazo hushika unyevu usipande na kushuka, na kwa kalsiamu unyevu wa kudumu ni nusu ya kazi.

Kabla hujafunga shauri, hakikisha hujachanganya vidoa hivi na vingine. Upungufu wa boroni pia huleta mabaka ya kahawia, lakini huzama ndani zaidi, huonekana tunda likiwa bado dogo, na tunda hujikunja au kupasuka. Ncha za matawi nazo hufa. Alama za mvua ya mawe, ambayo wakulima wa Kericho na Molo wanaijua vizuri, ziko upande mmoja wa tunda, ule ulioikabili mvua. Na kidoa chenye tundu la sindano katikati ni kazi ya mdudu.

Matunda mengi, yote madogo

Hapa mti haujakosa lishe, umebebeshwa watoto kupita uwezo. Aina ya Anna, inayopandwa sana huku, hufunga matunda kwa mafungu, na mkulima huona huruma kuyatoa. Lakini tufaha moja zuri linahitaji majani 30 hadi 40 kulilisha. Idadi ya chembe (seli) za tunda huamuliwa wiki nne hadi sita za mwanzo baada ya maua, na dirisha hilo likifungwa hakuna mbolea itakayolifungua.

Toa matunda kwa mkono ndani ya siku 40 baada ya maua. Acha moja kwa kila fungu, lile kubwa na lisilo na kasoro, na kati ya tunda na tunda pawe na nafasi ya sentimita 15 hivi. Mti mchanga wa mwaka wa kwanza au wa pili mnyang'anye yote, ujenge matawi kwanza. Najua inauma kuona matunda mabichi yamelala chini. Wauzaji wa soko la Wakulima mjini Nakuru hununua kwa ukubwa, na ndoo ya matunda makubwa huyashinda magunia ya madogo.

Kama ulipunguza vizuri na bado ni madogo, tazama maji ya mwezi wa kwanza, kisha chimbua mizizi ya juu. Pamba nyeupe kwenye magamba na vivimbe mizizini ni alama ya kidukari wa sufu. Anayenunua miche iliyobandikwa juu ya shina la MM106 anaepuka sehemu kubwa ya shida hiyo, kwa kuwa lilizalishwa liwe na ukinzani dhidi ya mdudu huyo.

Tunda limepinda, upande mmoja umenenepa

Rudi kwenye hesabu ya mbegu. Upande mwembamba utakuta vyumba vyake vitupu. Mbegu hutoa homoni zinazouita mwili wa tunda unenepe, na zinasaidia kuvuta kalsiamu pia. Pasipo mbegu, tunda husinyaa upande huo. Chanzo ni uchavushaji.

Anna haijitoshelezi. Inataka jirani wa aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, na waliozoeleka ni Dorsett Golden na Ein Shemer. Shamba la Anna tupu linaweza kuchanua vizuri sana na kuishia na matunda machache yaliyopinda. Kama huna nafasi ya miti mipya, bandika tawi la Dorsett Golden kwenye baadhi ya miti uliyo nayo. Weka mizinga karibu. Na usinyunyizie dawa ya wadudu miti ikiwa na maua, hata kama chawa wa mimea wanakukera. Nyuki wakifa wiki ile, msimu umekwenda.

Maua yanayotoka kidogo kidogo, tawi hili leo na lile mwezi ujao, ni shida nyingine. Tufaha asili yake ni nchi zenye baridi kali, na baridi ndiyo inayoliambia liamke kwa pamoja. Aina zetu huhitaji baridi kidogo, lakini hata hicho kidogo hakipatikani kila mahali. Wakulima wa nchi za tropiki, kwa mfano Batu kule Indonesia, hung'oa majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uchanue kwa pamoja. Hapa kwetu njia hiyo inafanya kazi pia, mradi maji yawepo mara tu baada ya kung'oa.

Rangi haiji

Wekundu wa tufaha hutengenezwa na mwanga ukiangukia ngozi, pamoja na usiku wa baridi. Angalia tunda la nje ya mti na la ndani ya mti ule ule. Kama la nje lina rangi na la ndani ni kijani, jibu ni msumeno na mkasi: fungua katikati ya mti, toa vichipukizi vinavyopanda wima, jua lifike hadi matawi ya chini. Kama yote ni kijani na vichipukizi vya msimu vimezidi sentimita 60, nitrojeni imezidi. Acha kuweka CAN mwaka mzima na uone.

Na kwa aliyetaka vitamini ndani ya tunda, dawa yake iko hapa hapa. Tunda lililopata jua huwa na vitamini C zaidi kuliko lililokaa kivulini, ngozi ina nyingi kuliko nyama, na nitrojeni nyingi huipunguza. Mkasi wa kupogoa hufanya kile ambacho chupa iliahidi.

Ndugu zangu wa Kisumu niwaambie wazi. Mji uko mita 1,131 juu ya bahari na usiku wake una joto. Anna inaweza kuzaa huko ikihudumiwa kwa kung'olewa majani, lakini wekundu wa Molo, ulio kwenye mita 2,500 hivi, hautafika ziwani kwa mbolea yoyote. Nyanda za Kano zina shida ya ziada: udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Mizizi ya tufaha ikikaa majini hukosa hewa, na shina la MM106 lina udhaifu wa kuoza shingoni katika unyevu kama huo. Ukipanda, panda juu ya tuta.

Lina sura nzuri lakini halina utamu

Jiulize kwanza kama umevuna mapema. Tufaha huhifadhi wanga, na huugeuza kuwa sukari linapoiva. Rangi hudanganya, hasa kwa Anna, ambayo huweza kupata wekundu upande wa jua kabla haijaiva. Nunua tincha ya ayodini kwenye duka la dawa, ipunguze kwa maji, upake juu ya tunda ulilokata kwa upana, na usubiri dakika chache. Pote panapogeuka bluu iliyoiva hadi nyeusi pana wanga. Kama uso mzima ni mweusi, bado. Kama sehemu ya moyo imekuwa nyeupe na weusi unarudi kuelekea ngozi, vuna kwa soko la karibu. Kipande hicho ukitupe, kisiliwe.

Ukiwa na kifaa cha kupima sukari kwenye tone la maji ya tunda, kipimo cha 12 kwenda juu kwenye skeli ya Brix humridhisha mlaji wa kawaida. Tunda lililoiva na bado likasoma chini sana limekosa majani au jua: ama mti umebeba mengi, ama majani yameliwa na magonjwa ya ubwiri unga au kigaga, ama wiki za mwisho zilijaa mawingu na mvua. Maji mengi ya mfereji siku za mwisho pia huuchuja utamu.

Kinyume chake ni tunda lenye unga mdomoni. Hilo limepitiliza. Anna haidumu, lipeleke sokoni mapema.

Tunda kupasuka

Kiangazi kikavu, kisha mvua kubwa au mfereji uliofunguliwa kwa wingi. Ngozi iliyokwisha kukomaa haiwezi kutanuka haraka kiasi hicho. Maji kidogo kidogo na matandazo humaliza sehemu kubwa. Likipasuka na kujikunja pamoja na kuwa na mabaka ndani, fikiria boroni, lakini usiiguse kabla ya kipimo cha majani.

Majani ya njano: uliza ni yapi

Majani mazee ya chini yenye njano kati ya mishipa, huku ukingo na mishipa vikibaki kijani kwa muda, kisha yakaanguka mapema: magnesiamu. Chumvi ya Epsom gramu 15 hadi 20 kwa lita, juu ya majani, huleta nafuu, ila kama chanzo ni potasiamu iliyozidi au udongo wenye asidi, itarudi.

Majani mazee kupauka yote, vichipukizi vifupi chini ya sentimita 15, matunda madogo yanayopata rangi mapema: nitrojeni imepungua. Hapo ndipo CAN au samadi iliyooza vizuri ina kazi.

Majani machanga ya ncha yakawa manjano hadi meupe huku mishipa ikibaki kijani kama wavu: chuma. Katika maeneo ya Nakuru na Bahati chanzo cha kawaida ninachoshuku ni maji. Visima vingi vilivyochimbwa Bonde la Ufa hutoa maji yenye bikaboneti ya sodiamu, na floridi pia, na ukimwagilia kwa hayo mwaka baada ya mwaka pH ya udongo hupanda hadi chuma kilichomo ardhini hakiyeyuki tena. Majivu ya jikoni yanayomwagwa kila siku shina lile lile hufanya vivyo hivyo. Chuma hakijaisha, kimefungiwa. Vuna maji ya mvua, pima pH ya kisima, na usiongeze chokaa hapo hata jirani akikushauri.

Majani madogo membamba yaliyofungamana kwenye ncha, kama waridi dogo: zinki.

Majani yote kunyong'onyea na kupauka wakati udongo umelowa: chimba sentimita 40. Ukinusa uvundo, mzizi hauna hewa, na chochote utakachomwaga kitaongeza shida.

Kupima, na kujaribu kwa haki

Chukua udongo sehemu nyingi kwa mwendo wa kona kona chini ya miti, wa kina cha sentimita 0 hadi 20 na wa 20 hadi 40, kila kina kwenye ndoo yake, changanya na utoe nusu kilo. Usichukue palipowekwa mbolea juzi. Kwa kipimo cha majani, yachume 50 hadi 100 ya katikati ya vichipukizi vya msimu, kutoka miti mingi ya aina moja, yasiyo na dawa juu. Udongo unakuambia kilichopo. Jani linakuambia mti umefanikiwa kuchukua nini, na kwa miti ya matunda kipimo cha pili ndicho kinachonipa ujasiri wa kushauri. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima udongo, na chuo cha Egerton kiko Njoro kwa walio karibu. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza kwa maabara iliyo jirani.

Na kama bado unataka kujaribu ile chupa ya vitamini, ijaribu kwa haki. Chagua miti kumi ya umri na aina moja. Funga kitambaa kwenye mitano, iwe imechanganyika na mingine shambani, isiwe mstari mmoja upande wenye rutuba. Mitano yenye kitambaa ipate chupa, mitano mingine ipate maji matupu kiasi kile kile, na mengine yote yawe sawa: kupogoa, kupunguza matunda, kumwagilia. Wakati wa kuvuna pima uzito wa matunda ya kila mti, hesabu yenye madoa, na mpe mtu asiyejua kitambaa kina maana gani aonje. Andika kwenye daftari, urudie msimu wa pili kabla ya kununua ya shamba zima.